Kung'olewa jino zima California: bodi itasaidia nini?

Pole sana dada, mfikishie na mama pole zangu. Umeuliza kama Bodi ya Meno ya California itawarudishia pesa, baada ya daktari kung'oa jino zima na kuacha bovu. Hapana. Ugomvi wa malipo haiuamui. Yenyewe inashughulikia leseni za madaktari wa meno. Inaweza kumkaripia, kumweka chini ya uangalizi, hata kumfutia leseni kabisa. Lalamika kwao hata hivyo, hulipi chochote. Ila kwanza omba nakala ya faili na picha za eksirei, za kabla na za baada, maana bila hizo mtaalamu wao atapima nini? Pesa ni suala la mwanasheria, na msilale: kwa kawaida mna mwaka 1 tu tangu mlipogundua kosa.