Kuwajibika si kujilaumu

Dada, umeuliza kama tiba hii ya kisaikolojia inayosisitiza uwajibikaji inakutaka ujilaumu kwa sababu biashara yako ya dagaa pale Kibirizi, Kigoma, imeyumba. Hapana kabisa. Ziwa Tanganyika kufungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, si kosa lako, na anayekuambia ulikosa bidii anakuonea.

Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani, ana njia ninayoipenda sana: hata kama asilimia 99 ya tatizo imetoka kwa wengine, tuiangalie ile 1 iliyo yako, maana hapo ndipo mkono wako unafika. Kwako naiona kwa shemeji anayekopa mzigo kila msimu na halipi. Umeandika kwamba huna jinsi kwa kuwa ni ndugu. Jinsi unayo, dada: umechagua amani ya ukoo kuliko mtaji. Ni chaguo la heshima, wala sikwambii uliache. Ila ukikubali kuwa ni lako, unaweza kumwekea kiwango, ukamwambia mapema, kabla mbalamwezi haijaisha na mitumbwi kurudi majini. Msimu huu ameshaomba?