Barua kwa mwanangu: huyo mwenye besi ni mimi

Mwanangu,

Picha uliyoikuta kwenye kasha nimeiona, na ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeuliza: "Mama, huyu mwenye gitaa ni wewe? Hawa watatu ni akina nani, na mbona hujawahi kututajia?" Siku tatu sijajibu. Usidhani nimekasirika, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Ndiyo, ni mimi. Ila hesabu nyuzi vizuri: ziko 4. Hilo ni besi, gitaa la sauti nzito. Sikulichagua. Wenzangu walifika kabla yangu wakagawana vilivyokuwepo, nami nikakuta limebaki hilo, tena la kuazima. Mkanda wake ulikuwa umekatika tukauunga kwa kamba za viatu, ndiyo maana pichani bega langu moja limeshuka kama la mtu aliyebeba ndoo.

Tulikuwa bendi ya panki, muziki wa magitaa wa mbio na kelele. Najua wewe ukisikia panki unawaza kinyozi: pembeni kipara, katikati nywele zimesimama. Kati yetu wanne hakuna aliyethubutu kunyoa hivyo, sote tuliwaogopa mama zetu. Kwetu panki ilikuwa kaseti moja tu. Mpiga dramu aliinakili kwa mtu, ambaye naye aliinakili kwa mtu, na huko nyuma sijui ilipita mikono mingapi. Ilikuwa albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya Marekani, ya mwaka 1976, nyimbo 14 ambazo zote kwa pamoja hazifiki dakika 30. Kaseti kila inaponakiliwa inaongeza mchakacho wa chini kwa chini, na hiyo yetu ilikuwa kama mvua juu ya bati, muziki unausikia kwa mbali nyuma ya mvua. Tukaamini mvua ile ni sehemu ya nyimbo. Miaka mingi baadaye nilipoisikia albamu hiyo ikiwa safi nilivunjika moyo kidogo.

Nyimbo za bendi kubwa tulizipenda, lakini ulikuwa ukizisikiliza unajiona uko nje ya uzio. Hizi za Ramones ukishajua kuzishika nyuzi mahali patatu, jioni hiyohiyo unaanza. Tulianza jioni hiyohiyo. Tulidumu mwaka mmoja na nusu, tukapiga mbele ya watu mara 11, na mara mbili kati ya hizo watu wenyewe walikuwa ni ndugu zetu.

Sasa hao watatu.

Mwenye kipaza sauti ni mtu ambaye ukimsalimia kwa kawaida hujui kama ameitikia. Tangu utotoni alikuwa na pengo la mbele, na akicheka lazima azibe mdomo kwa kiganja. Siku moja tukapata kipande cha gazeti chenye picha ya Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex ya Uingereza, binti ambaye baba yake alikuwa Msomali. Yuko jukwaani, mdomo wazi, na meno yake yamefungwa vyuma vya kunyooshea. Mwenzetu alikitazama kile kipande, akakikunja, akakitia mfukoni bila kusema neno. Sikumwona tena akiziba mdomo. Usiniulize kama aliimba vizuri. Alifoka, na maneno aliyofoka aliyatunga mwenyewe: juu ya kupanga foleni, juu ya mjomba anayekopa na kuhama mtaa, juu ya viatu vinavyobana. Wimbo wa viatu mpaka leo naujua wote. Yeye bado yupo, tunasalimiana sikukuu.

Huyo mrefu wa gitaa ndiye aliyekuwa tatizo letu, kwa sababu alijua kupiga. Sisi watatu tuliridhika pale tulipo, yeye kila wiki anakuja na kitu kipya. Wimbo una dakika mbili, yeye anataka solo, gitaa lake peke yake, ya dakika tatu. Tukamcheka, tukamwita profesa, mwishowe akasema wazi kwamba anaona haya kusimama na sisi. Akaondoka, na bendi ikafa naye. Nimemsema vibaya miaka mingi mtu yule. Nayafuta hapa. Alikipenda kitu kile kiasi cha kutaka kukijua, na sisi tulimtaka abaki mjinga ili atufae.

Anayeonekana nusu, nyuma ya ngoma, ni mpiga dramu. Spring ya pedali ya ngoma yake kubwa ilikatika mapema sana, akaifunga mpira wa tairi la baiskeli. Sasa ule mpira ulikuwa unarudi kwa nguvu kuliko spring, mguu unarushwa kabla haujamaliza kukanyaga, basi kila wimbo ulianza kwa mwendo tuliokubaliana na kumalizika kama watu wanaokimbizwa na mbwa. Wasikilizaji walidhani ndio mtindo wetu. Kuna siku umeme ulikatika katikati ya wimbo. Gitaa kimya, besi kimya, kipaza sauti kimya, yeye akaendelea peke yake gizani, na yule mwenzetu wa pengo akaendelea kufoka bila chombo chochote, watu wakasogea karibu ili wamsikie. Kati ya zile mara 11, hiyo ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote, na mimi sikupiga hata noti moja.

Watu hawajui kwamba mpiga besi na mpiga dramu wanaishi kama wanandoa. Mwimbaji anatazama watu, wa gitaa anatazama vidole vyake. Mimi nilitazama mguu wa kulia wa mpiga dramu, mwaka na nusu mzima, kwa kuwa nikiukosa mguu ule nimepotea. Hata sasa ukinitajia bendi, kabla ya sura ya mtu yeyote nauona mguu umevaa kandambili na ule mpira wa baiskeli.

Alifariki kabla hujazaliwa. Habari zilinifikia wiki mbili baada ya maziko. Kaseti uliyoikuta pamoja na picha, yenye nyimbo zetu wenyewe, nilipewa na dada yake, siku nilipokwenda kutoa pole nikiwa nimechelewa hivyo. Swali lako la mwisho jibu lake liko hapo. Mara ngapi nimetaka kuwasimulia vichekesho vya bendi wakati tukila, lakini hakuna kichekesho kisichopita kwake, na nikifika kwake sauti inagoma.

Najua utatutafuta kwenye intaneti. Hutatupata. Utakutana na habari za bendi ya Detroit, Marekani, iliyoitwa Death, yaani Kifo, ndugu watatu wa ukoo wa Hackney, na utaanza kuota. Bosi wa kampuni ya rekodi aliwataka wabadili jina, kaka yao David akakataa, wakajitolea wenyewe santuri yao mwaka 1976, nakala 500 tu, kisha wakasahaulika. Zaidi ya miaka 30 baadaye kijana wa Bobby, mmoja wa hao ndugu, alisikia wimbo kwenye karamu ya watu wengine akaitambua sauti: ni baba yake, ambaye hakuwahi kumwambia. Mwaka 2009 nyimbo zao zikatolewa kwa dunia nzima. David alikuwa amekwisha kufa tangu 2000. Hadithi hiyo naipenda mno, lakini tusidanganyane mwanangu, wale walikuwa wakali kweli. Sisi hakuna aliyeibiwa kitu kwa kutotusikia.

Ila wewe sikiliza. Kaseti usiitie kwenye mashine ukairudisha kwa kasi, utepe umelala miaka mingi na unaweza kukatika. Chomeka penseli kwenye tundu uzungushe taratibu mpaka mwisho, halafu uirudishe vilevile. Upande wa pili, katikati ya wimbo wa 4, atatokea mtangazaji wa mpira. Hiyo ni kazi ya baba yenu. Vile vijino viwili vya juu ya kaseti nilivivunja makusudi ili mtu asirekodi juu yake, yeye akaziba matundu kwa gundi ya karatasi kwa sababu alitaka kurekodi fainali. Alinunua kaseti 10 za kuomba radhi.

Mwanzoni mwa kila wimbo kuna mtu anahesabu moja mpaka nne, na kila mara nne yake inatangulia. Ndiye huyo, mpiga dramu wetu. Ukishainakili nitumie, maana mimi sina tena chombo cha kuichezea.

Mama yako