Usijaze bomba mara ya pili kabla mmea haujajibu

Mara ya kwanza nilipopiga dawa ya kuua magugu, nilirudi shambani siku ya tatu nikakuta ndago imesimama kijani kibichi kana kwamba haikuguswa. Nikachanganya dawa nyingine, kali kuliko ya kwanza, nikapuliza upya eneo lote. Siku ya kumi kila kitu kilikuwa kimekauka, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba dozi ya pili ndiyo iliyofanya kazi.

Haikuwa hivyo. Ndago ile ilikuwa inakufa tangu siku ya kwanza. Dozi ya pili niliimwaga bure, na sehemu yake kubwa iliishia kwenye udongo. Kosa hilo naliona likirudiwa na watu wengi, na linatokana na kutojua kinachoendelea ndani ya mmea baada ya kupuliziwa.

Dawa niliyotumia ilikuwa glaifoseti, na glaifoseti haichomi. Inaingia kupitia majani, inasafiri pamoja na sukari hadi mizizini na kwenye machipukizi, kisha inazuia kimeng'enya ambacho mmea hukihitaji ili kutengeneza asidi amino tatu. Zikikosekana hizo, protini mpya haziwezi kutengenezwa. Mmea hubaki umesimama kwa akiba yake, kama nyumba ambayo bado inakula cha ghalani ilhali shamba limeshaacha kuzaa. Kwa magugu ya msimu mmoja, umanjano huanza kuonekana baada ya siku 4 hadi 7, na huanzia kwenye majani machanga. Yale ya kudumu, kama ndago, yanaweza kuchukua wiki mbili au zaidi, hasa kukiwa na baridi na mawingu.

Parakwati, dawa nyingine ya magugu, ni kinyume chake. Jua likiwaka, majani yananyauka ndani ya saa chache, na ndiyo maana watu wengi huipenda: macho yanaridhika mapema. Lakini inaua pale ilipogusa tu. Vitunguu vya ndago vilivyo chini ya ardhi havipati kitu, na baada ya muda mfupi shamba limechipua upya. Zaidi ya hapo, ni sumu kali sana kwa binadamu. Funda dogo linaweza kuua, na hakuna dawa ya kuitibu. Katika Umoja wa Ulaya hairuhusiwi tangu 2007. Mimi niliiacha, na nakusihi nawe uiache.

Ya tatu ni 2,4-D, ambayo huiga homoni ya ukuaji ya mmea wenyewe. Magugu ya majani mapana hukua ovyo, shina likajipinda, mpaka mmea ukashindwa kujiendesha, ilhali jamii ya nyasi kwa kawaida huvumilia. Niliwahi kuipuliza siku ya upepo mdogo, upepo ambao sikuuona kuwa kitu, na nyanya zilizokuwa mbali kidogo zikajikunja majani yakawa membamba kama nyuzi. Zilikuwa za jirani yangu. Nyanya huhisi kiasi kidogo mno cha dawa hii. Tangu siku hiyo majani yakicheza, bomba halitoki ndani.

Kuna nyakati ambazo mmea haupokei dawa ipasavyo. Ukiwa na kiu ya muda mrefu, nta ya majani yake huwa nzito na mwendo wa sukari hupungua, hivyo dawa haisafiri. Vumbi juu ya jani, au maji ya tope ndani ya bomba, huinasa glaifoseti kabla haijaingia, kwa sababu hushikana sana na chembe za udongo wa mfinyanzi. Hapo mmea unakuwa umepata nusu dozi, na nusu dozi ndiyo inayoacha manusura.

Kuhusu manusura, niseme jambo moja kwa mkazo: gugu halizoei dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Kati ya maelfu, mmoja huzaliwa na tofauti inayomwokoa. Dawa huwaondoa wenzake, naye hubaki na nafasi yote na mbegu zake zote. Australia iliripoti nyasi sugu kwa glaifoseti mwaka 1996. Marekani, aina moja ya mchicha pori ilikutwa na nakala zaidi ya 100 za jeni ya kile kimeng'enya ndani ya mmea mmoja, hivyo hukitengeneza kwa wingi kuliko dawa inavyoweza kukizuia. Mmea wa namna hiyo huumalizi kwa kuongeza vipimo. Ukiongeza, kinachoumia ni kila kitu kingine kinachouzunguka.

Na hapo ndipo mazingira yanapolipa. Glaifoseti iliyoshikana na udongo hubebwa na mmomonyoko hadi mtoni. Baadhi ya viambato vinavyochanganywa kwenye dawa hiyo ili kuisaidia kuingia majanini hudhuru viluwiluwi vya vyura. Atrazini, dawa ya magugu ya shamba la mahindi, haishikani na udongo kwa nguvu hivyo. Mahindi huivunja yenyewe mwilini na kuendelea kukua, lakini inayobaki huzama hadi kwenye maji ya ardhini. Ndiyo sababu Ulaya iliiondoa sokoni. Ukanda wa nyasi kati ya shamba na maji nauona muhimu kuliko bomba lenyewe, na hauguswi kabisa.

Siku hizi nikipuliza naandika tarehe, kisha nachomeka vijiti karibu na magugu manne na kuyatazama kila baada ya siku mbili. Nabadilisha kundi la dawa, yaani namna inavyoua, si jina la chupa tu, maana majina kumi yanaweza kuwa dawa ileile. Kwenye lebo nyingi namba ya kundi imeandikwa. Palizi ya jembe imerudi pia, mara moja kila msimu. Msimu uliopita, wiki ya tatu, mimea 11 ilikuwa bado hai katikati ya mikavu. Niliing'oa kwa mkono kabla haijatoa mbegu, nikaitoa shambani ndani ya gunia.