Vipimo Havioni Kitu, Lakini Mgongo Unauma

Nilikuwa nimeinama kufunga kamba za kiatu cha kushoto. Sikuwa nimebeba mzigo wala kuteleza. Maumivu yalinikamata kiunoni, nikabaki nimeshika ukingo wa kitanda nikisubiri pumzi irudi. Huo ulikuwa mwaka wa tatu mgongo unaniuma. Vipimo vilishafanyika na jibu lilikuwa fupi: "Hatuoni tatizo." Nilitoka pale nimeumia kuliko nilivyoingia, kwa sababu masikioni mwangu ilikuwa kama nimeambiwa nasingizia.

Kama nawe umeambiwa hivyo, ndugu yangu, maumivu yako ni ya kweli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na maumivu ya mwenzako hayaonekani kwa macho.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa tiba ya viungo aliyekaa nami akanieleza mishipa ya fahamu inavyofanya kazi. Ukijikata kidole, ncha za mishipa iliyo kwenye ngozi hupeleka taarifa ya hatari kwenye uti wa mgongo, kisha ubongoni. Taarifa hiyo bado si maumivu. Ubongo huipima kwanza: hapa nilipo pana usalama? Nimechoka kiasi gani? Mara ya mwisho ilikuwaje? Ndiyo maana mtu anaweza kukuta jioni ana mchubuko mguuni asijue aliupata saa ngapi, na aliyekatwa mguu anaweza kuumwa na vidole ambavyo havipo tena.

Kidonda kikipona, kwa kawaida kengele hiyo ya hatari hunyamaza. Lakini maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu, na mara nyingi hapo mfumo wa fahamu wenyewe unakuwa umezidi wepesi wa kushtuka. Mwaka 1983 mtafiti Clifford Woolf alionesha kwa majaribio ya panya kwamba, baada ya jeraha, seli za fahamu ndani ya uti wa mgongo zinaweza kubaki zimeamka kiasi kwamba jambo dogo linapokelewa kama kubwa. Niliposikia hayo nilikumbuka kamba za kiatu. Hakuna kilichokuwa kimekatika mgongoni siku ile. Kengele ilikuwa inalia kwa upepo.

Na kama wewe uliambiwa kinyume, kwamba picha imeonesha diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, zimechakaa, usikate tamaa haraka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, wa picha za watu wasioumwa mgongo kabisa, ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80.

Kosa langu kubwa lilikuwa siku njema. Nikiamka na nafuu nilitaka kumaliza viporo vyote vya kazi: kufua, kupanga kabati, kusugua sakafu. Siku mbili zilizofuata nilikuwa kitandani. Mtaalamu akanituma nikatafute kipimo changu. Nikasimama kwenye sinki kuosha vyombo huku naangalia saa. Siku ya kwanza mgongo ulianza kukaza dakika ya 8, ya pili dakika ya 6, ya tatu dakika ya 7. Basi nikaanza na dakika 5. Kengele ya simu ikilia nakaa, hata kama sufuria bado ina povu. Siku mbaya dakika 5, na siku njema dakika 5 zile zile, na niamini, siku njema ndiyo ngumu zaidi. Kila wiki niliongeza dakika moja. Mfumo wa fahamu hujifunza kwa kurudia, na kila nilipoacha kabla maumivu hayajapanda, ubongo ulipata ushahidi mwingine kwamba kusimama hakudhuru.

Kuinama nako nilikuanza nimelala chali, nikivuta magoti taratibu kuelekea kifuani. Mgongo unakunjwa vile vile, ila ubongo haukushtuka kwa sababu haukufananisha na kile kiatu. Baadaye nikafanya nimekaa kitini, mikono ikishuka hadi kwenye magoti, kisha kwenye vifundo. Kusimama kulikuja mwisho kabisa.

Usiku nilifanya zoezi la pumzi. Navuta kwa puani nikihesabu 4, natoa polepole nikihesabu 6, kwa dakika kumi hivi. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo na kuuambia mwili kuwa hakuna anayeufukuza. Haikuondoa maumivu, lakini ilinipa usingizi, na usingizi ni nusu ya dawa: usiku mbovu huongeza makali ya maumivu kesho yake. Kitambaa cha moto kiunoni kilisaidia pia, na kujisugua. Watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba mguso unaweza kupunguza ishara za maumivu kwenye uti wa mgongo, kana kwamba pana lango linalofungwa. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko mkono hukimbilia kusugua bila kuambiwa.

Dawa ulizoandikiwa usiziache ghafla. Zungumza na daktari wako. Na kuna dalili zisizo za kusubiri. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri au mapaja kwa ndani, au mguu ukiishiwa nguvu, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Homa pamoja na maumivu, au kupungua uzito bila sababu, navyo vichunguzwe mapema.

Mimi bado nina siku mbaya. Wiki iliyopita nililala vibaya, nikaamka kiuno kimekaza kama zamani. Zamani ningejiambia mgongo umeharibika tena na kulala siku nzima. Safari hii niliweka simu dakika 3, nikaosha vikombe, nikakaa. Kesho yake dakika 4.