Chuo changu ni kumbi za harusi

Swali la wiki hii linauliza kama mtu asiye na chuo wala mtaji anaweza kuishi kwa kutengeneza filamu hapa Dar es Salaam.

Anaweza, ila filamu zenyewe hazitamlisha mapema. Mimi nalishwa na kushuti harusi, sendofu na kicheni pati, na huko ndiko nilikosomea. Bibi harusi anaingia ukumbini mara moja tu, huwezi kumwambia arudie. Ukizoea kuwahi pembe nzuri kabla mlango haujafunguliwa, na kamera unayo moja, basi sini ya watu wawili sebuleni haikutishi tena.

Kamera si tatizo, simu nyingi za sasa zinatosha. Sauti ndiyo inayoua filamu zetu. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno yakimezwa na bodaboda anahamia kwingine. Nikishuti Manzese naanza kwa kuongea na fundi wa kuchomelea: anapumzika saa ngapi? Sini za maongezi nazipanga humo humo. Simu ya pili naificha ndani ya shati la mwigizaji ikirekodi, kisha napiga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuediti, kofi hilo ndilo la kuoanishia sauti na picha. Jua la saa sita nalikwepa kabisa, maana linasimama utosini na macho ya mtu yanabaki mashimo meusi.

Gharama kubwa ni muda wa watu. Wenzangu wanaigiza kwa nauli na sahani ya wali. Filamu ikivuta miezi, mmoja ananyoa, mwingine anapata kazi Mwanza, nyumba tuliyoanzia inapakwa rangi nyingine. Ndiyo maana naandika hadithi za watu wachache, nyumba moja, wikiendi chache.

Na jamani, wekeni makubaliano kwenye maandishi! Enzi za DVD watengenezaji wengi waliuza haki zote kwa wasambazaji kwa malipo ya mara moja; filamu ikaendelea kuuzwa, wao wakabaki watazamaji. Leo kuna YouTube na televisheni, na bado watu wanafuata kibali cha Bodi ya Filamu lakini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hawafiki. Kwangu, kabla ya siku ya kwanza ya kushuti tunasaini karatasi: nani anamiliki filamu, na kila mwigizaji atapata nini ikiuzwa. Kila mmoja anaondoka na nakala yake.