Swila kamtemea mdogo wangu machoni: ninunue jiwe jeusi?

SWALI: Daktari, mdogo wangu alifungua banda la kuku usiku, swila akamtemea macho yote mawili. Tulimmwagia maji mengi, kisha jirani akambandika jiwe jeusi kwenye paji la uso. Siku ya pili akawa anaona vizuri. Je, ni jiwe lililovuta sumu? Jirani anayo mengine ya kuuza, nami nataka moja la kuweka nyumbani. (Msomaji, Kilifi)

JIBU: Maji ndiyo yaliyomponya, dada yangu. Jiwe lilikuta kazi imekwisha likachukua sifa.

Sumu ya swila ikiingia jichoni huunguza jicho palepale. Haisambai mwilini kama ya kuumwa, na hata sindano ya dawa ya sumu haihitajiki. Jicho lioshwe robo saa au zaidi, kisha likaguliwe hospitalini kama kioo chake kimechubuka, maana mchubuko ukiingia vijidudu ndipo watu hupofuka. Kama mdogo wako hajakaguliwa, mpeleke.

Nyoka mwenyewe ni wa ajabu kweli. Hatemi mate: misuli hubana tezi, sumu ikachomoka kwenye vitundu vya meno vinavyotazama mbele, zaidi ya mita mbili, huku akitikisa kichwa ili itapakae usoni. Huko kwenu yupo mkubwa kuliko swila watemao wote, aliyetambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken, Watamu. Mmoja aliyekamuliwa hapo alitoa mililita 6.2 kwa mkupuo. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba utemaji ulizuka mara tatu mbalimbali, Afrika na Asia, na kila mara sumu ikapata kiambato cha kuzidisha maumivu. Anataka uumie umwachie njia, basi.

Sasa hilo jiwe, ambalo sitoki kliniki bila kuulizwa habari zake. Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Una vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo hunata penye damu na kudondoka ukishalowa. Muuzaji anakwambia "limeshiba sumu". Mbandike mtu aliyejikata kwa wembe, pasipo nyoka wala sumu, litanata na kudondoka vilevile. Wakilitia majini hutoa viputo, eti sumu inatoka. Ni hewa.

Meno ya nyoka hupeleka sumu ndani ya nyama, mfupa wa juu ya ngozi hauifikii. Na mbona waliobandikwa hupona? Wengi waliumwa na nyoka wasio na sumu, au mwenye sumu aliuma bila kuitoa. Wangepona hata kwa kubandikwa ganda la ndizi. Ninaowaona mimi ni wale wengine: mguu umeoza kwa sumu ya swila, mgonjwa amelala na jiwe siku mbili. Wa koboko wengi hawanifikii kabisa, pumzi hukatika ndani ya saa chache.

Kwa hiyo usinunue. Mtu akiumwa, avue pete na bangili, kiungo kisitikiswe, asichanjwe chale wala kufungwa kamba, apelekwe. Zahanati nyingi hazina dawa ya sumu, basi ulizia leo hospitali ipi ya karibu inayo, na andika namba ya mwenye gari atakayekubali kuamshwa usiku.