Kabla ya asilimia, uliza gari litakuwa la nani

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa fupi: anayetaka gari kwa mkopo, aende benki ya kawaida au ya Kiislamu, ile isiyotoza riba? Kazi yangu ni kutoa magari bandarini Mombasa, na wateja wangu wanatoka pande zote mbili. Wako Waislamu wenye mikopo ya kawaida, na wako Wakristo walionunua kupitia benki za Kiislamu, kwa kuwa huduma zake hazina masharti ya dini. Jibu langu ni kwamba jina la benki peke yake halitoshi kukupa uamuzi. Yapo maswali mawili ya kutangulia asilimia. Gari litakuwa la nani tangu siku ya kutia saini mpaka rejesho la mwisho? Na mambo yakibadilika katikati, kwa ubaya au kwa uzuri, nani atabeba nini?

Nianze na hiyo asilimia, maana ndiyo inayowateka watu. Mpwa wangu alinijia na karatasi mbili za mikopo ya kawaida. "Mjomba, hawa wanataka kumi na sita, hawa kumi na mbili. Si niende kwa hawa wa kumi na mbili?" Nikamwambia akae tupige hesabu. Gari alilolipenda lilikuwa la shilingi 1,250,000, mkononi ana 250,000, kwa hiyo alihitaji milioni moja ya kulipa kwa miezi 36. Ile asilimia 16 ilihesabiwa juu ya salio linalopungua: kila ukilipa, deni linashuka na riba inashuka nalo. Rejesho lilikuja kama 35,160 kwa mwezi, na riba ya miaka yote mitatu takriban 265,700. Ile 12 ilihesabiwa juu ya milioni nzima, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hata pale utakapokuwa umebakiza rejesho moja tu. Hiyo ni 120,000 kwa mwaka, 360,000 kwa miaka mitatu, na rejesho la karibu 37,780. Ukitaka kuilinganisha na mwenzake kwa haki, hiyo 12 ni sawa na zaidi ya 21 juu ya salio linalopungua. Kumbe ile "ndogo" ndiyo iliyokuwa ghali, na kwa tofauti ya zaidi ya shilingi 94,000.

Kwa hiyo usikubali kutajiwa asilimia bila jedwali la marejesho. Jedwali linaonyesha mwezi kwa mwezi unalipa nini, kiasi gani kinaenda kwenye deni na kiasi gani kwenye riba, na jumla yake mwishoni. Ongeza hapo ada ya kushughulikia mkopo, ada ya mtathmini, bima na kifaa cha kufuatilia gari, halafu ndipo ulinganishe. Jambo jingine kwa mkopo wa kawaida: uliza kama riba hubadilika. Hapa Kenya, riba kuu ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, na Februari 2024 ikafika 13. Watu waliotia saini wakiwa na hesabu moja kichwani walijikuta wanalipa nyingine, na mkataba ulikuwa umeiruhusu benki kufanya hivyo.

Sasa upande wa pili. Benki mbili za kwanza za Kiislamu kamili nchini Kenya, Gulf African na First Community (siku hizi Premier), zilianza kazi 2008. Tanzania, Amana ilianza 2011. Mbali na hizo, benki kadhaa za kawaida zina dirisha la Kiislamu, yaani kitengo cha huduma hizo. Njia inayotumika sana kwa magari ni murabaha. Benki haikukopeshi pesa. Inalinunua gari unalolitaka, kisha inakuuzia wewe kwa bei ya juu zaidi, ikikutajia wazi ililinunua kwa ngapi na faida yake ni ngapi, nawe unalipa kidogo kidogo. Tuchukue gari lile lile la mpwa wangu: benki inalinunua kwa 1,250,000 na kumuuzia kwa 1,530,000. Akitanguliza 250,000, inabaki 1,280,000, yaani kama 35,560 kwa mwezi kwa miezi 36. Bei hiyo imefungwa. Benki Kuu ipandishe au ishushe riba yake, rejesho halitikisiki, kwa sababu bei ya kitu kilichokwisha kuuzwa haipandi tena.

Wapo wanaosema hiyo ni riba iliyovikwa kanzu. Nimesikia maneno hayo barazani, nimeyasikia hata kutoka kwa maofisa wa mikopo. Ukitazama rejesho peke yake, 35,160 na 35,560, utadhani wana haki. Lakini Qurani, sura ya pili aya ya 275, inawajibu waliosema biashara ni sawa tu na riba: Mwenyezi Mungu ameihalalisha biashara na ameiharimisha riba. Muuzaji hupata faida yake kwa kuwa bidhaa ilikuwa yake, na hatari yake ilikuwa juu ya kichwa chake. Mkopeshaji wa pesa hana hatari hiyo. Basi kama benki kweli ilikuwa mwenye gari, hata kwa siku moja, na gari likaungua siku hiyo, hasara ni ya benki. Kama haikulimiliki hata kwa saa moja, wale wa barazani wamesema kweli, na mimi nitakuwa wa kwanza kukubaliana nao.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi, na mpangilio wake. Nenda yadi yoyote hapa Mombasa, umepata gari, karani anafungua kitabu au kompyuta akuandikie ankara kifani, ile ankara ya awali kabla ya mauzo yenyewe. Juu kabisa pana mstari wa jina la mnunuzi. Kwa mazoea ataandika jina lako, na atakuomba arbuni hapo hapo ili asimuuzie mwingine. Kwa mkopo wa kawaida hakuna neno, wewe ndiye mnunuzi na benki inakulipia. Kwa murabaha, kalamu ikipita hapo mambo yameshaharibika: ukishanunua gari, benki itakuuzia nini? Ipo hadithi mashuhuri ya sahaba Hakim bin Hizam, alipokatazwa na Mtume kuuza asichokuwa nacho. Na mwaka 1988, wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa walipokutana Kuwait, waliikubali murabaha hii ya kuagizia kwa sharti kwamba uuzaji ufanyike baada ya kitu kuingia katika milki ya muuzaji na mkononi mwake.

Utaratibu ulio sawa unakwenda hivi. Unapata bei kutoka yadi bila kujifunga. Unaiandikia benki ombi pamoja na ahadi kwamba ikilinunua utalinunua kwake. Kama kuna arbuni, unaiweka benki kama dhamana ya nia yako, huilipi yadi kama sehemu ya bei. Benki inanunua, ankara inatoka kwa jina lake, yadi inathibitisha kwa maandishi kwamba gari sasa ni la benki. Hapo ndipo mkataba wa kuuziana kati yako na benki unatiwa saini. Nimeona makabrasha ambayo karatasi zote zimetiwa saini kwa mkupuo mmoja, tarehe moja, hata kabla yadi haijalipwa. Mteja alitaka halali na alikuwa tayari kuilipia, na hakupewa. Inaniuma, kwa sababu kosa halikuwa lake wala hakuwa na njia ya kulijua. Kwa hiyo liangalie mwenyewe, na ukiona tarehe hazipangiki, omba kuzungumza na mshauri wa sharia ya Kiislamu wa benki. Kila benki ya Kiislamu inaye, na kumuuliza si utovu wa adabu.

Ukileta gari moja kwa moja kutoka Japani jambo hili linakuwa zito zaidi, maana gari liko baharini wiki kadhaa. Hati ya shehena iandikwe jina la benki, na bima ya safari iwe yake, mpaka itakapokuuzia. Mara mbili tatu wateja wameniletea hati zenye majina yao halafu wanataka benki "iingie" meli ikishatia nanga. Wakati huo njia ya murabaha imeshafungwa. Na kwa benki za aina zote, kumbuka sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mkopo hauwezi kukuokoa na hilo.

Kuna ijara pia, ambapo gari linabaki la benki na wewe unalikodi, mwisho unalichukua kwa zawadi au kwa bei ndogo. Hapo matengenezo makubwa na bima ni wajibu wa mwenye mali, wako ni mafuta, oili na tairi. Gari likiharibika kabisa bila uzembe wako, kodi inakoma. Soma kama mkataba umeyaheshimu hayo au umekurudishia yote wewe kwa mlango wa nyuma. Na kuna ushirika unaopungua: wewe na benki mnanunua gari pamoja, nawe unainunua sehemu ya benki katika gari hilo polepole.

Nije kwenye siku mbaya. Ukikosa kulipa kwa mkopo wa kawaida, adhabu inaongezwa juu ya deni, na adhabu yenyewe huanza kuzaa riba. Kenya tuna kinga katika Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika 2007: mkopo ukishakuwa chechefu, yaani usiolipwa inavyotakiwa, riba itakayodaiwa kuanzia hapo isizidi deni la msingi lililokuwapo siku ile. Watu wengi wamelipa kupita kiwango hicho kwa kutojua. Kwa murabaha deni halikui. Benki inaweza kukutoza faini ya kuchelewa ili usifanye mchezo, lakini fedha hizo zinatakiwa ziende sadaka, zisiingie katika faida yake. Asikudanganye mtu, hata hivyo, kwamba benki ya Kiislamu hainyang'anyi gari. Inanyang'anya, na madalali ni wale wale. Unayotakiwa kuuliza ni: gari likipigwa mnada na bei ikapungua deni, nitadaiwa nini? Na bei ikizidi, ziada ni ya nani? Ziada ni yako, na mkataba useme hivyo.

Siku njema ndiyo inayosahaulika, na hapa nitawasema benki za Kiislamu kwa sababu nazipenda. Chukua tena hesabu ya mpwa wangu. Baada ya mwaka mmoja wa kulipa, salio la mkopo wake wa kawaida wa asilimia 16 lingekuwa kama 718,000. Akipata fedha, analipa hizo, pamoja na ada ya kumaliza mapema kama ipo, na riba ya miaka miwili iliyobaki inaanguka. Kwa murabaha amelipa 426,700 na amebakiza 853,300, kwa sababu bei ni bei. Tofauti ni kama 135,000. Benki inaweza kumsamehe sehemu ya faida ya muda uliobaki, na nyingi husamehe, ila kwa mujibu wa wanazuoni wengi msamaha huo hauwekwi kuwa sharti ndani ya mkataba. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alipopata mafao yake alikwenda kumaliza deni akitarajia punguzo kubwa. Alipewa kidogo, na hakuwa na pa kulalamikia. Kwa hiyo mwenye kutarajia fedha ya mkupuo, iwe mafao, iwe mauzo ya shamba, aulize kabla: utaratibu wa benki wa punguzo ni upi, na wateja waliomaliza mapema wamekuwa wakipata kiasi gani? Benki isiyotaka kujibu swali hilo imeshakujibu.

Bima ipite haraka. Ukiacha ijara, kila njia itakutaka uchukue bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, na utailipa kila mwaka mpaka mwisho. Anayetaka kukwepa riba upande huo pia ana takaful, bima ya Kiislamu, ambayo Kenya ipo tangu 2011.

Ukimaliza kulipa, usitoke benki na risiti tu. Kipindi chote hicho jina la benki limekuwa pamoja na lako kwenye usajili wa gari, na haki yake imeandikwa katika rejista ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa na sheria ya 2017. Benki ikupe barua ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, iondoe jina lake NTSA, mamlaka inayosajili magari, na ifute dhamana katika rejista. Fuatilia yote matatu, na hayo mawili ya mwisho uyaone kwenye akaunti yako ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Na ukinunua gari mkononi mwa mtu, fanya upekuzi huo kwanza kabla ya kutoa hata shilingi, maana wapo wanaouza gari ambalo deni lake bado linapumua.

Msomaji wenu,
Mombasa